Shauri la Nyundo Chumbageni

Niliolewa Tanga nikitokea Pangani, na fungate ilipokwisha mume wangu akarudi kazini kwake, yaani kibarazani mbele ya nyumba yetu ya Chumbageni. Alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza ndoo, makarai, vibatari, masanduku ya wasafiri na mifereji ya kukingia mvua. Nyundo yake ililia toka asubuhi mpaka karibu na magharibi. Mimi nilikulia mtaa ambao kelele yake kubwa ilikuwa ya kuku, basi wiki ile ya kwanza kichwa kiliniuma nikashindwa hata kula.

Wiki ya pili nikagundua jambo. Nilikuwa uani nasonga bada, ugali wa muhogo, mikono yote miwili imeshika mwiko, nikamwita aniletee maji. Nikamwita mara ya pili, na ya tatu. Alikuwa hatua nne tu kutoka nilipo, amenipa mgongo, anapangusa mkasi wake wa kukatia bati. Hakugeuka. Nikadhani amenikasirikia. Nikaacha sufuria, nikaenda nikasimama mbele yake nikamuuliza nimemkosea nini. Alinitazama midomo, si macho.

"Sema taratibu," akaniambia.

Ndipo aliponieleza. Ujanani alifanya kazi miaka mingi katika karakana, akiingizwa ndani ya matangi ya chuma kushikilia misumari huku wenzake wakiigonga kwa nje. Masikio yakaanza kuvuma, kisha yakaanza kufa. "Hili limekwisha," alisema akigusa sikio la kulia. "Hili lingine lasikia kidogo." Akaniomba nisimwambie mtu. Fundi kiziwi nani atamwagiza kazi? Watu watasema kaambiwa ndoo, kafua karai.

Sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Nikachukua ukili wangu nikahamia kibarazani, nikawa nasuka huku wateja wanakuja. Mtu akisema anataka mfereji wa futi kumi, mimi namgeukia mume wangu kama ninayebishana, "Futi kumi? Si nyingi hizo?" Naye ananisoma midomo na kumjibu mteja vizuri kabisa. Wanawake wa mtaani wakasema nimemkalia mume wangu kichwani, kwamba kwangu mwanamume hapati nafasi ya kusema. Niliyasikia yote nikaendelea kusuka. Kwa kweli nitasema jambo ambalo miaka ile nisingelikiri: niliona fahari. Hapakuwa na mtu mwingine Tanga nzima aliyejua nilichokijua.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu akahamia mpangaji katika nyumba ya pili, ambayo ukuta wake wa udongo uligusana na wetu. Alikuwa nesi, Mbondei wa upande wa Muheza, Mkristo, hana mume, anakaa peke yake na sanduku lake na mashine ndogo ya kushonea. Kazi yake ilikuwa kuzalisha hospitalini, na zamu yake ilikuwa ya usiku. Alirudi asubuhi, viatu vyeupe mkononi, wakati ambao mume wangu ndio kwanza anakunjua bati la kwanza la siku.

Baada ya siku chache akanijia uani.

"Hodi, dada."

"Karibu, nesi."

Hakukaa. Macho yalikuwa yamemwiva. "Jana tumezalisha wanne," alisema, "na mmoja alitusumbua mpaka kumepambazuka. Nakuomba umwambie bwana anihurumie. Nipate usingizi hata mpaka adhuhuri tu."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Siku ile nilijiambia kwamba tuna ndoo za mtu wa Maramba zinazotakiwa upesi, na kweli zilikuwapo. Lakini sababu haikuwa ndoo. Mume wangu aliamini kwamba bado anasikia kidogo, na kwamba nyundo yake haiendi mbali. Alikuwa akigonga, anasikia mlio mdogo, basi anadhani na dunia inausikia mdogo vilevile. Mimi niliyekaa pembeni yake nilijua kwamba kila mwezi anagonga kwa nguvu zaidi. Kumwambia kwamba jirani halali kungekuwa kumwambia kwamba hata lile sikio la pili limekwisha. Sikuwa na moyo huo.

Nesi akaja tena, safari hii mimi nikiwa sokoni. Alisimama nyuma ya mume wangu akamsalimu, akaeleza haja yake kwa adabu. Fundi akaendelea kugonga. Akaja siku nyingine, ikawa hivyohivyo. Nilikuja kuyajua hayo kisimani, kwa wanawake wenzangu. "Nesi anasema mumeo anamdharau," mmoja aliniambia. "Anasema ni kwa sababu yeye mgeni, na Mkristo, na hana mwanamume wa kumsemea." Nilijaza ndoo yangu nikaondoka. Hata hapo sikumwambia mume wangu.

Siku hizo ndipo lilipobandikwa tangazo kwenye ukuta wa soko. Katika mitaa wanayokaa watu, ngoma isipigwe bila kibali. Gramafoni isipigwe kwa sauti ya kuwaudhi majirani. Wala mtu asifanye kazi ya kugongagonga yenye kuwasumbua wenzake. Mwenye malalamiko ayapeleke barazani kwa Liwali. Mji mzima ukapata la kuzungumza. Wenye mahoteli ya chai walilalamikia gramafoni zao. Mwalimu wa chuo cha mtaani kwetu akauliza kama watoto wanaosoma Kurani kwa sauti nao wahesabiwe kelele, akajibiwa kwamba hapana, lakini hakuridhika, akawa anawafungia madirisha. Mume wangu alilisoma tangazo mwenyewe akarudi nyumbani akicheka.

"Hiyo ya wenye ngoma," alisema. "Nyundo yangu mimi yamfika nani?"

Nilikuwa napepeta mchele. Niliendelea kupepeta.

Hazikupita wiki mbili, tarishi akaleta karatasi ya kumwita barazani. Aliisoma polepole kwa kidole, akafika jina la mshitaki, akarudia. Kisha akaniuliza, "Huyu nesi amekuja lini kuniambia?"

"Alikuja," nikasema.

"Kwako?"

"Kwangu, na kwako. Alisimama nyuma yako."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Hakunigombeza. Alikwenda kukaa penye fuawe yake, chuma anachofulia bati, na siku ile hakugonga tena.

Siku ya shauri alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Mimi nilijifunika buibui nikamfuata, nikasimama nyuma pamoja na wanawake wengine waliokuwa na mashauri yao. Nesi alikuwa upande wa pili, amevaa gauni la kanisani. Watu walikuwa wengi, kwa maana shauri la fundi na nesi lilikuwa limekwisha kusemwa mtaani mpaka limeota miguu.

Liwali alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye ndevu nyeupe zilizofunika midomo yote. Nilipoziona ndevu zile nikajua mume wangu hataweza kumsoma midomo. Tena alizungumza huku ameinamia karatasi zake.

"Fundi, jirani yako alikuja kukuomba zaidi ya mara moja. Kwa nini hukumsikiliza?"

Mume wangu aliona kwamba ameulizwa. Akasema, "Ndiyo, bwana. Kibali cha kazi ninacho."

Watu wakacheka kidogo. Liwali akainua uso. "Sijakuuliza kibali. Nauliza, ulipoambiwa unamsumbua, uliona nini?"

"Ni za mtu wa Maramba, bwana. Zimekwisha, bado mikono yake tu."

Hapo baraza zima likacheka. Karani aliweka kalamu chini akafuta macho. Mume wangu akageuza kichwa huku na huku akitazama meno ya watu, na nikamwona anatabasamu, anatabasamu kama mtu anayetaka kuingia katika mzaha asioujua. Tabasamu lile sijalisahau. Miguu yangu ikaniondoa pale nyuma kabla sijakata shauri.

"Bwana Liwali," nikasema, "mume wangu hasikii."

"Nani huyo?"

"Mkewe. Hasikii, bwana. Nesi alisema na mgongo wake. Mimi ndiye niliyeambiwa, na sikumfikishia. Kama kuna kosa, ni langu."

Kicheko kilikatika. Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Baadaye akaomba ruhusa, akazunguka taratibu akasimama nyuma ya mume wangu, akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, karibu na kichwa chake. Watu wote tulishtuka. Yeye hakupepesa hata jicho. Alikuwa akinitazama mimi, na kwa nyuso zetu alijua kwamba kuna jambo limetendeka nyuma yake.

Liwali akamwambia karani alete ubao wa kuandikia, shauri likaanza upya kwa chaki. Alimwandikia kwamba sheria ni sheria, na jirani ana haki ya kulala. Asigonge bati mpaka adhana ya adhuhuri. Mume wangu akasoma, akafikiri, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Nakubali, bwana. Lakini adhana nitaisikiaje?"

Safari hii hakucheka mtu.

Nesi ndiye aliyepata njia. Chumba chake kilikuwa na dirisha la mbao lililoelekea kibaraza chetu. "Nikilala huwa nalifunga," alisema. "Nikiamka nitalifungua. Akiliona wazi, agonge apendavyo."

Liwali alikubali. Karani akauliza aliandike katika kifungu gani, kwa kuwa sheria haikutaja dirisha. "Andika tu," Liwali akamwambia. "Liandike kama lilivyosemwa."

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Siku tatu hakuniambia zaidi ya la chakula. Siku ya nne, akiwa anapima bati kwa rula, alisema bila kuinua kichwa: "Ulinificha kwa watu, hilo nilikuomba mwenyewe. Lakini ulinificha na mimi. Ningejua hali yangu ningejua la kufanya." Hata ningemjibu, hakuwa ananitazama midomo.

Alichokihofia hakikutokea, au kilitokea kidogo tu. Wateja wawili watatu walihama. Wengine walijifunza kumgusa bega, kisha wakachora kwa mkaa ukutani kitu wanachokitaka: urefu, upana, mkono wa kushikia. Ukuta wetu ukajaa ndoo na masanduku. Alizipanga kazi zake upya, asubuhi akikata na kupima na kulehemu, na dirisha likifunguliwa ndipo anachukua nyundo. Makosa ya vipimo yalipungua kuliko wakati nilipokuwa namtafsiria. Nilikaa pale na ukili wangu siku kadhaa, hakuna aliyenihitaji, nikarudi uani. Watu walinipa pole na kunisifu kwa ujasiri wa barazani. Hawakujua kwamba mwenzao nilikuwa na kijicho. Niliuonea kijicho mkaa, na ukuta.

Nesi na mimi tulichukua muda kuzoeana. Siku moja aliniambia kwamba aliona haya kuliko mtu yeyote barazani, kwa kuwa kazi yake ni kutazama wagonjwa na hakumwona kiziwi aliyekaa mbele ya dirisha lake. Nikamwambia haya yangu ilikuwa kubwa zaidi. Tukabishana hivyo, kila mmoja akivutia kosa kwake, mpaka tukacheka.

Ndiye aliyenizalisha mtoto wetu wa kwanza, chumbani kwangu, baada ya alasiri. Alipomaliza kunihudumia alimwita mume wangu kwa mkono. Akaingia, akamtazama mtoto aliyefumba macho na kufunua kinywa.

"Analia?" akaniuliza.

"Analia."

"Sana?"

"Tutashitakiwa," nikamwambia.

Akacheka. Akaweka kiganja chake, kile kigumu chenye makovu ya bati, juu ya kifua cha mtoto, akakiacha pale mpaka kilio kikaisha.

Mwaka uliofuata nesi akahamishiwa hospitali nyingine, na nyumba ya pili ikapata mpangaji mpya, mzee mmoja na mkewe. Asubuhi ileile walipoingia nilikuwa navaa buibui niende nikawaeleze mambo yetu. Mume wangu akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwonyesha ukuta wa jirani. Akatikisa kichwa, akanawa mikono, akavaa kofia, akaenda mwenyewe. Nilibaki mlangoni na mtoto. Sauti yake, ambayo yeye alidhani ni ya chini, ilifika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mzee. Mimi jirani yenu, fundi wa bati, na sisikii. Nikikusumbua usinipigie kelele. Njoo unishike bega."