Katekista Aliyeshika Jembe

Saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Renatha Ildefons anagawa nakala tisa za riwaya moja kwa wanafunzi thelathini na wanane wa kidato cha tano, hapa Kagoma wilayani Muleba. Vichwa vinne au vitano kwa kitabu kimoja, viwiko vinasukumana. Nyuma ya darasa ameketi Mwalimu Gamaliel wa taaluma, na daftari lake. Hakuja kusalimia. Kipindi hiki kikienda vibaya, riwaya hiyo inatoka darasani leo leo.

Inamhusu katekista anayefiwa na mwanawe wa pekee, na Jumapili inayofuata anasimama kanisani kufundisha watoto wa wenzake. Renatha, mzaliwa wa Buhembe aliyefundisha fasihi miaka kumi na tisa, aliinunua mjini Bukoba nakala moja moja, kila mshahara uliporuhusu. Haimo kwenye orodha ya mtihani. Anaitumia kuwafundisha uhakiki.

Uhakiki gani sasa! Wengi wa watoto hawa wamekulia kwenye jumuiya za Kikatoliki na rozari. Walipofika kwenye kifo, wakafanya walichozoea kufanya msibani. Insha ishirini na sita zilimwombea marehemu pumziko la milele, nyingine zikafunga kwa Amina. Marehemu mwenyewe hajawahi hata kuzaliwa. Renatha alicheka hadi machozi, kisha akakumbuka kwamba Gamaliel naye lazima azione.

Gamaliel hakucheka. Alimwambia kitabu hicho ni cha jumuiya, siyo cha darasa, na kwamba wapo wanafunzi Waislamu ambao hakuna aliyewauliza. Renatha anakiri neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa la kweli.

Kwa hiyo leo hawaulizi kitabu kinafundisha nini. Anawauliza mwandishi amekosea wapi.

Halafu Clavery, mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka Kimwani, anainua mkono. Ameukuta ukurasa ambao katekista, siku ileile ya kifo, anakwenda kulima mgombani.

"Huyu mwandishi si wa huku," anasema. "Mwili uko ndani, nani anashika jembe?"

Darasa linachangamka. Kila mmoja ana mjomba au jirani aliyewahi kusemwa na kijiji kizima kwa kosa hilo. Kitabu kinashambuliwa kutoka kila dawati, na Renatha anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

Asha, ambaye kwao ni visiwa vya ziwani kwenye uvuvi, anangoja kelele zipungue. Katika vipindi vya kitabu hiki huwa hasemi neno.

"Mwandishi anajua, Madam," anasema. "Ndiyo maana akampa jembe. Huyu baba amemkasirikia Mungu, na kanisani hawezi kusema."

Anaeleza taratibu kwamba siku habari za baba yake kuzama zilipofika, mama yake aliendelea kugeuza dagaa juani mpaka jioni, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Wala hakuna aliyesema imani yake ni haba.

Clavery anarudi kwenye ukurasa wake na kuusoma upya, midomo ikicheza.

Kengele inapolia, Gamaliel anafunga daftari na kusema kitabu kibaki. Kisha anaomba nakala moja aende nayo nyumbani, maana, loo, kumbe hukumu yote ile aliitoa akiwa amefika katikati tu.

Ofisini, mbele ya kikombe cha chai, Renatha ana furaha isiyofichika. Anataka nakala zifike ishirini, na mwakani kidato cha tano kianzie kwenye ukurasa ule wa jembe, bila maelezo yoyote kutoka kwake. Halafu anamtaja mumewe Avit, aliyefariki miaka minne iliyopita. Waombolezaji wakiwa wamekaa uani, yeye alijifungia chumbani akasahihisha mitihani ya darasa zima.

"Waitu, jamani, nilisemwa," anasema. "Kitabu hiki nimekisoma mara saba nikidhani kinanifariji. Kumbe nilikuwa nangoja mtu anieleze lile jembe."