Mlango wa Hoteli ya Kileleni Wahamia Marangu

Hoteli ya Kileleni, jirani na mnara wa saa mjini Moshi, ilijengwa na Mgiriki mwenye mashamba ya kahawa, ikaendeshwa na serikali, mwishowe ikaachiwa popo. Watu wakubwa wote, inasemekana, walilala pale. Maji ya moto hayakuwahi kufika ghorofa ya pili, kwa hiyo huenda waliamka mapema. Juzijuzi ilibomolewa. Leo ni maegesho ya magari.

Kilichosalia ni mlango wake wa kuzunguka, wa vioo na shaba, pamoja na mzee Eliufoo, aliyeajiriwa kuusukuma. Ukiugusa kidogo tu ulijizungusha wenyewe. Hata hivyo hoteli ilimvalisha koti lenye vifungo vya dhahabu, naye akausukuma mpaka akastaafu.

Wabomoaji walipomwachia mlango huo, aliupakia kwenye lori la Fuso hadi kwake Marangu, akang'oa mlango wa mbao wa sebuleni, akapanua tundu la ukuta na kuupachika ule wa kuzunguka. Majirani walikuja kuzunguka bure. Jogoo aliingia, akajikuta nje tena, akawika kwa ghadhabu.

Mkewe, Aikande, aliutazama akiwa mgombani.

"Baba Hellen, siku ukifa jeneza litapita wapi?"

"Sijafa."

"Ukifa. Utalazwa sebuleni watu wakuage, halafu utolewe ukazikwe kihambani, kwenye migomba yetu. Au wakusimamishe wima wakuzungushe?"

"Watajua wenyewe."

"Basi na mimi najua mwenyewe."

Akafungasha kanga zake, akaenda kwa kaka yake Elisaria, akisema harudi mpaka jeneza lipate njia.

Krismasi ilikuwa inakaribia, na watoto wote wangepanda kutoka Dar kuikuta nyumba haina mama. Eliufoo alijipikia mtori wa ndizi, ukamshinda. Akampa ng'ombe, ng'ombe akaukataa. Ndipo akachuma jani la sale, ambalo Mchaga akiletewa hana ruhusa ya kunyima msamaha, akashuka nalo kwa shemeji yake.

Elisaria alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, sale huletwa na mtu aliyemwaga damu. Wewe umeleta kwa ajili ya mlango?"

"Mpe tu."

Aikande alilipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mila ni mila. Lakini sale halipitishi jeneza."

Eliufoo akarudi na fundi. Walitoboa ukuta wa pembeni, wakapitisha kitanda kwanza kuhakikisha, ndipo wakaupachika hapo ule mlango wa mbao wa zamani.

Wiki ya Krismasi Aikande alifika na mkoba wake. Aliupita mlango wa hoteli kama anavyopita shimo la taka, akasimama mbele ya ule wa mbao, mikono kifuani.

"Fungua basi, haujakomewa," alisema Eliufoo.

"Maisha yako yote umewasukumia wageni mlango usiohitaji mtu. Huu hausogei wenyewe."

Mzee akaingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kazini, akaufungua mlango, akainamisha kichwa.

"Vifungo viwili havipo," alisema Aikande, akaingia.