Jina Nililompa Mbwa

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu. Siku hiyo mbwa wangu alimng'ata mguuni tarishi wa gombolola, mjumbe wa mtawala wa eneo letu, na kosa lilikuwa langu. Umekuja kuniuliza kuhusu huyo mbwa wako anayekimbilia uvunguni kila mgeni akibisha hodi. Kaa basi. Dawa yake naijua, ila haisemwi kwa neno moja.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimetoka kwetu Kagoma nikaolewa hapa Kanazi, na mwaka wa nne ulikuwa unaingia sina mtoto. Nikasikia kwamba jirani yetu, Ma Koku, amesema kisimani kuwa mume wangu ameoa mgomba usiozaa. Niliumia sana, lakini sikwenda kumwuliza. Mume wangu aliponiletea kitoto cha mbwa, nikampa jina la Kihaya: Bagambaki, yaani "Wanasema nini?"

Siku zile, jina la mbwa lilikuwa barua kwa jirani. Kila Ma Koku alipopita na mtungi wake, nilisimama mpakani mwa kibanja, shamba letu la migomba, kisu cha kumenyea ndizi mkononi, nikapaza sauti: "Bagambaki! We Bagambaki!" Usicheke. Sikuwa namwita mbwa, lakini mbwa atajuaje? Yeye alijua tu kwamba jina lake likitajwa, mimi nimekasirika na kuna mtu anapita. Akakua anakimbia watu, anakimbia hata mbwa wenzake, anashinda amejificha ndani ya majani makavu ya migomba. Alinijia mimi peke yangu, na katika nyumba ile isiyo na mtoto, yeye ndiye niliyekuwa naongea naye.

Basi tarishi akaja kuita watu wa kazi ya barabara. Mbwa alikuwa kwenye kona, nyuma ya mikeka ya kahawa, na tarishi akasimama palepale penye njia ya kutokea. Kwa hofu nikapaza jina la mbwa. Akamng'ata. Tarishi alifunga mguu kwa kitambaa, akamwambia mume wangu, "Nitarudi kahawa hii ikianuliwa. Nimkute ametulia, au nisimkute kabisa."

Mume wangu akaenda kutafuta kamba ya kumnyongea mbwa. Nililia kama niliyefiwa.

Baba mkwe wangu, Mzee Kaijage, alikuwa mwindaji, mtu aliyefuga mbwa maisha yake yote. Akamzuia mwanawe, kisha akanigeukia mimi.

"Mbwa huyu haogopi watu," akasema. "Anaogopa jina lake. Nani alimpa?"

"Ni mimi, tata," nikasema, yaani baba.

"Ulimpa yeye, au ulimpa Ma Koku?"

Akaniambia niende kwa Ma Koku, maana yule niliyemfundisha mbwa kumwogopa ndiye atakayemfundisha kutoogopa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikabeba kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni, nikaenda nikamwambia yote. Ma Koku akaipokea kahawa, akaanza kutafuna.

"Nilisema," akaniambia. "Nilisema mara moja tu, na kila ulipomwita mbwa yule nilijua ni mimi ninayeitwa."

Tukalia wote wawili. Kesho yake tukaanza kazi.

Mzee alitupa masharti. Ma Koku aje kila siku, akae chini mbali, ampe mbwa mgongo, asimtazame machoni wala asimwite. Adondoshe nyuma yake vipande vya ndizi na maharage. Mbwa akisogea, vema. Akirudi nyuma, aachwe arudi. Siku tatu hakutoka kwenye majani. Siku ya nne alikula kipande cha mbali kabisa, na mimi kwa pupa yangu nikamsukuma asogee. Akatoroka, tukaanza upya, na Mzee hakusema nami siku nzima. Haraka haraka haina baraka, mwanangu, na mimi niliilipia.

Baadaye Ma Koku akaja na mbwa wake, jike mzee, mpole. Tukawatembeza njia moja, huyu huku na yule kule, katikati tukiacha nafasi ya mashina matatu ya kahawa, siku nyingine mawili, kisha moja. Wakanusana wenyewe walipotaka.

Muda wote Ma Koku alikuwa akinong'ona, "Mpola, mpola," yaani polepole. Siku moja alilisema neno hilo, mbwa akainua masikio, akamwendea, akamwekea kichwa mapajani. Tangu hapo akaitwa Mpola. Jina hilo sikumpa mimi, alilichagua mwenyewe.

Tarishi aliporudi, tulimwomba akae chini atupe mgongo. Aliguna, lakini akakaa. Mpola akaja, akaunusa ule mguu, akalala kando yake. Tarishi akasema, "Haya, aishi," akaenda zake.

Mtoto sikupata. Ila Ma Koku alipofariki, binti yake wa mwisho alikuwa bado mdogo, naye akaja kwangu mwenyewe, kwa kuwa njia ya hapa alikwisha kuizoea. Nikamlea, nikamwoza. Huyo ndiye mama yako. Ningeendelea kupaza lile jina pale mpakani, leo nisingekuwa na mtu wa kumwita mwanangu.

Basi nenda. Mbwa wako usimburute mbele ya wageni. Waambie wageni wakae, wampe mgongo, wamngoje. Mtafutie mwenzake mmoja aliye mpole, muwatembeze njia moja. Jina lake usilitaje ukiwa na hasira. Na mtu akikusema, mwendee wewe mwenyewe na kahawa mkononi, usimtume kiumbe asiyejua ugomvi wenu. Mungu akupe nyumba ambayo mgeni akibisha hodi, hakuna anayekimbilia uvunguni.