Lori Lisilovuka

Mpwa wangu anasoma kompyuta mwaka wa kwanza, na mimi ninayeishi kwa kuandikia maduka ya Tunduma programu ndiye ninayebebeshwa kazi zake. Siku ile alitakiwa atume kazi ya chuo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo arudie somo. Alifika kwangu saa tisa! Alikuwa ametoka Mpemba, nje kidogo ya mji, kumpelekea baba yake chakula. Shemeji yangu huyo ni dereva, na lori lake lilikuwa limekwama kwenye foleni ya mpakani tangu wiki iliyopita, nyaraka zinarudishwa kila siku.

Na kazi yenyewe? Programu ya kuiga foleni ya malori. Kila lori ni objekti, yaani kifurushi cha taarifa, yenye nyaraka zake. While loop yake, ile amri inayojirudia, inasema hivi: maadamu foleni ina lori, chukua la mbele. Nyaraka zikiwa sawa, livuke. Zikiwa na kasoro, wakala wa forodha azirekebishe, lori lirudi nyuma lisubiri zamu. Ukiiendesha haisimami. Skrini ilijaa "limerudishwa, limerudishwa" mpaka laptopu ikaanza kuunguruma.

"Likirudishwa mara tatu, lifute," nikamwambia. "Loop itaisha."

"Litakwenda wapi, mjomba?"

"Haliendi popote! Ni programu!"

Akanikazia macho, hakugusa kitufe. Nilichoka naye. Nikavuta kiti, nikasoma mstari kwa mstari huku nanung'unika, na kosa likawa la kitoto kabisa. Ndani ya loop, kabla ya kumwita wakala, alikuwa anaunda lori jipya. Wakala anarekebisha nyaraka za lori hilo jipya, ambalo hata kwenye foleni halimo, na lile la mwanzo linarudi nyuma na kasoro zake zilezile.

"Wakala wako anahangaika na lori la nani?" nikafoka. "Mpe hili lililo mbele!"

Akafuta mstari mmoja, akarekebisha mwingine. Loop ikasimama. Chini kabisa ikatokea namba ya lori na neno "limevuka". Namba ile naifahamu, maana lori la shemeji huegeshwa mbele ya dirisha langu akija kula.

Zilibaki dakika chache.

"Tuma basi!"

"Ngoja kidogo, mjomba," akasema, akaiendesha tena. "Nataka nilione linavuka."