Baiskeli Niliyoiendesha kwa Kiingereza

Mpaka leo nikipita mtaa wa Hillbrow kuna akina mama wa kanisa letu ambao wakiniona huulizana, kwa sauti ya kunifikishia, kama baiskeli yangu haijambo, na mimi hucheka nao kwa sababu nimejifunza kwamba ukinuna ndiyo wanazidi. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwao mtaambiwa nilidanganya madhabahuni mchana kweupe na pepo likanitoka, na hilo la pepo si kweli.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Johannesburg nililetwa na ndoa, kwani mume wangu Sipho alikuwa mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliolelewa kwetu enzi za ukimbizi, na nchi yao ilipofunguka akarudi kwao, na mimi nikiwa sehemu ya mizigo. Kanisani kwetu, ukumbi wa kukodi juu ya duka la matairi, wengi ni Wakongo, wasusi, mafundi cherehani, walinzi, na kwa kuwa Kiswahili ninacho, Kiingereza ninacho, na Kizulu cha kugombana na mawifi ninacho, nikafanywa mtafsiri. Halafu, kwa sababu sikujua kunyamaza kwenye vikao, nikafanywa pia mwenyekiti wa kamati ya umisheni.

Kamati hiyo ilikuwa na kazi moja tu. Tulikuwa tumemtuma mwinjilisti wetu Barnaba, Mkongo wa Kalemie, yeye na mkewe na watoto, wakahubiri vijijini kaskazini mwa Msumbiji, na siku ya kuwaaga tulimwekea mikono kichwani watu wengi mpaka akalalamika shingo, tukaahidi kila mwezi tutamtumia matumizi. Mwanzoni tukatuma vizuri. Kisha mwaka 2018 tukaanza mapema kupanga sikukuu ya kuzaliwa kwa kanisa, kwaya wakasema hawaimbi mbele ya wageni na sare zilizopauka, na mimi ndiye niliyesema kikaoni (naliweka wazi, maana kumbukumbu ya wenzangu juu ya hili ni kali mno), "Tuchukue kidogo kwenye umisheni, tutarudisha." Tukaenda Fordsburg, tukanunua kitenge cha zambarau, na kwa vile kitambaa kilikuwa kizuri nami nikashonewa gauni, ingawa sauti yangu ya kuimba ni ya geti lisilotiwa mafuta. Kurudisha hatukurudisha. Mwezi ukaingia mwezi, Barnaba anapiga simu, namwambia benki ina matatizo, mpaka na mimi nikaanza kuichukia ile benki.

Sasa, kwenye hiyo sikukuu tulikuwa tumealika wageni wa kanisa moja kubwa la Kiingereza, upande wa kaskazini wa jiji kule kwenye miti na kuta ndefu. Walikuwa wamesikia kwamba wahamiaji wa Hillbrow, watu wasio na kitu, wanamtunza mmisionari wao wenyewe, wakaguswa, wakasema wakija wakaona ni kweli nao watatia mkono. Mchungaji Kasongo, ambaye alituamini kamati kama anavyoamini Zaburi, kwa furaha yake akamtumia Barnaba nauli ya basi kutoka mfukoni mwake ili aje atoe ushuhuda, wala hakuniambia. Nilimkuta Barnaba asubuhi ya sikukuu kiti cha mbele, amekonda, koti linamning'inia, ananitabasamia.

"Mama Thandi," akaniambia, "ile benki yenu iko na roho mbaya sana."

Wageni walichelewa (umeme ulikuwa umekatwa upande wao, robot, yaani taa za kuongozea magari, zimezimika zote), wakaingia wakiongozwa na mzee mmoja wa Kizungu, mrefu, aitwaye Peter, na mama mmoja wa Kizulu mtu mzima, mpole, aliyejifunga kilemba, Mama Nomsa. Nikamwona Sipho, aliyekuwa akiwakaribisha mlangoni, anamkumbatia yule mama kwa muda mrefu, kisha ananitolea macho kutoka mwisho wa ukumbi na kutikisa kichwa. Nikadhani anataka funguo za gari. Nikampungia mkono asubiri.

Barnaba akasimama, mimi kando yake na maikrofoni, kwaya nyuma yetu katika zambarau. Akasema taratibu, bila hasira, "Bandugu, miezi hii yote hatukupata kitu."

Uamuzi wangu ulikuwa hapo, na ulikuwa mdogo kabisa, wa neno moja. Nikasema kwa Kiingereza kwamba miezi hii yote hawakupungukiwa na kitu. Wageni wakaitikia amina. Watu wetu wakageuziana shingo.

"Mtoto alishikwa na malaria," Barnaba akaendelea, "nikauza baiskeli, tukapata dawa." Nikasema mtoto aliugua, lakini kwa msaada wa baiskeli dawa ilipatikana. (Si uongo kamili, ukiutazama kwa ubavuni.) Wageni wakapiga makofi. "Sasa ninatembea kwa miguu, vijiji vya mbali sifiki tena." Nikasema baiskeli hiyo inamfikisha vijiji ambavyo miguu isingefika. "Bibi yangu anauza maandazi ndiyo tule." Nikasema mkewe naye ana huduma yake, ya maandazi. Makofi tena, na mgeni mmoja akafuta machozi.

Barnaba akaninong'oneza, "Mama, hawa watu wanapigia nini makofi?"

"Wanakutia moyo. Endelea, lakini fupi."

Hapo Peter akainuka, macho mekundu, akauliza kwa Kiingereza kama baiskeli hiyo bado ina nguvu, au kanisa lao limnunulie mtumishi huyu pikipiki. Nikamgeukia Barnaba nikamwambia, "Anauliza safari ya kuja ilikuwaje." Naye, mtu wa watu, akaeleza kwa kirefu kwamba basi liliharibika njiani, abiria wote wakashuka wakasukuma. Ningefanya nini? Nikasema baiskeli iliharibika njiani, wanakijiji wote wakatoka kuisukuma. Peter akauliza, kwa mshangao wa haki kabisa, baiskeli moja inasukumwaje na kijiji kizima. Nikasema kule kuna umoja sana. Kufikia hapo Waswahili wote ukumbini walikuwa wameinama kana kwamba wanaomba, ila mabega yalikuwa yanatikisika, na binti yangu Thandi, ambaye nikimtuma dukani kwa Kiswahili hujifanya haelewi, alikuwa ameelewa kila neno na amejifunika uso kwa Biblia.

Mama Nomsa akanyoosha mkono. Akasema kwa Kiswahili, tena cha Morogoro, cha mtu aliyepanga foleni ya sukari pamoja nasi:

"Dada yangu, baiskeli ameshaiuza. Umeiendesha vya kutosha, shuka upumzike."

Eish. Hapo ndipo nilipoyaelewa macho ya Sipho. Huyo mama alikuwa mpishi wa shule yao kule kwetu, amemlisha ugali miaka yote ya ujana wake.

Watu walicheka, wakacheka mpaka wakakumbuka ni shida za nani walizokuwa wanazicheka. Mama Nomsa akawageukia wenzake, akaanza kuwatafsiria upya, sentensi kwa sentensi, mtoto, malaria, miguu, maandazi, na Peter akakaa polepole. Barnaba hakujua Kiingereza, lakini nyuso hazihitaji mkalimani. Akatazama kwaya, akaushika kidogo mkono wa gauni langu, akakipapasa kitambaa.

"Kumbe benki ndiyo hii," akasema.

Ningependa angepiga kelele. Kelele ningezijibu. Nilisimama na maikrofoni yangu, nikasema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza bila kubadilisha neno, kwamba ni mimi niliyesema tuchukue, na benki haina kosa. Peter, mtu mwema, akauliza kama pikipiki inunuliwe hata hivyo. Mama Nomsa akakataa. "Sisi hatukumtuma," akasema. "Wao ndio waliomtuma. Wakishamlisha, tutakuja na pikipiki."

Tulijaribu kuyauza magauni sokoni Newtown, lakini kifuani tulikuwa tumedarizi jina la kanisa na maneno "Kutoka Ushindi Hadi Ushindi," na hakuna mteja aliyetaka kubeba ushindi wetu. Ikabidi kila mwanakwaya alinunue gauni lake mwenyewe, isipokuwa mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, ambaye alikasirika akahamia kanisa jingine akiwa amelivaa. Lake nililipia mimi, juu ya langu.

Nilimsindikiza Barnaba Park Station akiwa na haki yake yote mfukoni. Kabla hajapanda basi akaniambia, "Yule mama alinielezea vile ulitafsiri." Kisha akaongeza, "Kweli, Mama Thandi, katika Kiingereza chako niliishi vizuri sana."

Siku hizi matumizi yake hutoka kabla ya kodi ya ukumbi, hata kama mwenye ukumbi anagonga mlango. Mimi kamatini nimebaki, hawakuniachia nitoroke, lakini kutafsiri nimeacha, tena nimeacha hadi nyumbani. Mawifi zangu wakitaka kumsema mama yangu kwa Kizulu, nawapa simu wamwambie wenyewe.