Matone ya Maji Ndani ya Divai

Municheke, lakini pole pole, maana mimi mwenyewe sijamaliza kujicheka.

Niko nahudumia watu mu restora moja ya hapa Bunia. Juzi muzee mumoja alikuja na bibi yake kusherehekea miaka ya ndoa yao, wakiwa na chupa ya divai nyekundu yenye mutoto wao alituma toka Ulaya. Ile divai ilinipita mimi miaka. Patroni, mwenye restora, akaniita mimi niifungue, maana nilimuambia nilijifunza divai mu hoteli kubwa ya Kampala.

Uongo mutupu! Divai niliijua ku altare tu, kwetu Djugu, nikitumikia misa, mbele ya vita kutukimbiza.

Nikafungua chupa. Harufu ikapanda, na mara moja nikajikuta kwetu: mama anaimba mu kwaya, mvua inapiga mabati, watu wote wangali hai. Sikutaka kutoka mule. Mikono ikaendelea yenyewe. Nikamimina divai, kisha nikatia matone ya maji mu kila glasi, kama vile padiri anafanya mu kalisi, kile kikombe cha misa. Halafu nikainama kwa heshima.

Muzee akaonja, akaweka glasi chini.

"Umetia maji?"

Bibi yake akanitazama sana. "Mwanangu, weye ulitumikia misa wapi?"

Tangu tukimbie, hakuna mutu aliniuliza vile.

"Kwetu Djugu, mama!" nikajibu kwa furaha, sauti juu. "Divai yote ninayoijua, niliijulia kule!"

Patroni alikuwa amesimama nyuma yangu.