Picha ya Mtoto wa Siku Ishirini

Wewe mwenye simu, ni lini uliomba ruhusa kabla ya kurusha picha ya mtu? Mwalimu Burulkan wa mji wa Naryn alikuwa amelifundisha darasa la saba somo hilo mchana, kwenye ubao mpya wa kompyuta, kidole kikiwa juu. Jioni akampiga picha mjukuu wake wa kwanza, wa siku ishirini, akairusha kwenye kundi la simu la wazazi wa darasa hilo. Na kwao mtoto haonyeshwi watu mpaka atimize siku arobaini.

"Hongera, Mwalimu! Mwenye sura ametoa ruhusa?" mwanafunzi mmoja akaandika kwa simu ya mama yake.

Aizirek, mkwewe, mama wa mtoto, hakucheka. "Mama, watu mia wamemwona mwanangu!"

"Mia wapi? Themanini na sita tu," Burulkan akajitetea, huku akiifuta picha.

Aizirek akambeba mtoto, akafunga mlango wa chumba. Bibi akalala akijiuliza kama atampakata tena.

Asubuhi yake mlango ulifunguka. Aizirek akaichukua simu ya mama mkwe, akaiweka juu kabisa ya kabati, ndipo akamlaza mtoto mikononi mwa bibi yake.